Kuponi za Marekani: nani hasa analipa lile punguzo?

Jumamosi moja nilikuwa kwenye foleni ya kulipia hapa Columbus, Ohio, mbele yangu yuko jirani yangu, mama mmoja Mkongo wa kutokea Uvira, tunakaa jengo moja na watoto wetu wanapanda basi moja la shule. Kwenye troli ana maboksi mawili ya pampasi, sabuni ya kufulia, mchele na kuku, na mkononi kashika bahasha ya kuponi, zile karatasi za kupunguziwa bei, alizozikata kwa mkasi vizuri kabisa, kingo zimenyooka kama kitambaa cha fundi cherehani. Za pampasi zilikuwa nne. Keshia akaskani ya kwanza ikakubali, ya pili mashine ikalia, akarudia ikalia tena, mwisho akamrudishia tatu akamwambia hizi haziwezekani. Mama akanigeukia, "Dada, si zote ziko za pampasi? Mbona moja anakubali na ingine anakatala?" Nyuma watu wameanza kuguna, kuna mmoja anashusha pumzi kwa nguvu ili asikike, yule mama akaona aibu, akazikunja karatasi zake akazirudisha kwenye pochi akalipa karibu bei yote.

Naandika hii kwa ajili yake, na kwa ajili ya kila mtu wetu aliyefika huku akaambiwa "we tumia tu kuponi utasevu" halafu hakuna aliyekaa naye chini akamweleza zinavyofanya kazi. Na sio mambo ya kuelezeka kwa sentensi moja, kanuni ni nyingi, zimeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi na kwa Kiingereza cha wanasheria, lakini mimi baada ya miaka ya kuhangaika nazo nimegundua karibu zote zinatoka kwenye swali moja tu, ukilishika hilo utakuwa unajijibu mwenyewe hapo hapo kwenye shelfu. Swali lenyewe: hili punguzo, nani analilipa?

Kuna mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa kiwanda, yaani kampuni inayotengeneza ile bidhaa. Mfuko wa pili ni wa duka. Na sisi wa Ohio mfano tunao karibu kabisa, maana ukiendesha gari chini ya saa mbili kuelekea kusini magharibi unafika Cincinnati, na mji huo mmoja una makao makuu ya Procter & Gamble, iliyoanzishwa 1837, hao ndo wenye Pampers, Tide, Crest na Charmin, na pia una makao makuu ya Kroger, duka lililoanza 1883. Mwenye pampasi na mwenye duka linalouza pampasi wako mji mmoja, ila ni mifuko miwili tofauti na kila mmoja ana vitabu vyake vya hesabu. Ukiona kuponi juu yake imeandikwa MANUFACTURER'S COUPON, hiyo ni hela ya kiwanda. Ukiona STORE COUPON, au jina la duka tu, hiyo mara nyingi ni hela ya duka. Ila nakutahadharisha, nembo ya duka peke yake isikudanganye, kuna kuponi zina nembo kubwa ya duka lakini pale juu kwa herufi ndogo kumeandikwa ni ya kiwanda. Soma yale maneno, achana na rangi.

Sasa ifuatilie karatasi yenyewe inakwenda wapi. Wewe unaitoa pale kaunta, duka linakupunguzia tuseme dola 3, maana yake duka limekukopesha dola 3 kwa niaba ya kiwanda. Ile karatasi inawekwa pamoja na wenzake, inatumwa kwa kampuni za kuchambua na kuhesabu kuponi, na kiwanda kinalirudishia duka dola zake 3 na juu yake senti 8 za usumbufu. Chukua kuponi ya karatasi uangalie chini kabisa pale kwenye maandishi madogo, utayaona hayo maelekezo anaelekezwa mwenye duka, thamani ya kuponi kujumlisha 8¢, na anwani ya kuzipeleka, nyingi zinakwenda Texas mpakani na Mexico, Del Rio au El Paso. Hapo hapo utakuta pia maneno ya ajabu, "cash value 1/100¢", yaani kuponi ina thamani ya sehemu moja ya mia ya senti. Wengi wananiuliza hiyo nini. Zamani maduka ya huku yalikuwa yanagawa stempu kwa wateja, za S&H zilianza 1896, unabandika kwenye kitabu, kikijaa unapewa vyombo au shuka, na baadhi ya majimbo yakaweka sheria kwamba stempu kama hizo lazima ziwe na thamani ya fedha, basi kuponi nazo zikaingizwa humo humo. Ndo maana kampuni inaandika thamani ndogo kuliko zote ili itimize sheria bila kukupa kitu. Usihangaike nayo.

Ukishaelewa safari ya ile karatasi, kanuni inayowachanganya watu kuliko zote inakuwa nyepesi. Kiwanda kinakubali kulipia punguzo moja kwa kitu kimoja. Boksi moja la pampasi, kuponi moja ya kiwanda, basi. Ukiweka mbili juu ya boksi moja duka litatuma mbili na kiwanda kitakataa moja, duka litapata hasara, kwa hiyo mashine inakataa mapema. Lakini kuponi moja ya kiwanda na kuponi moja ya duka juu ya boksi lile lile, hiyo mara nyingi inaruhusiwa, kwa sababu ni mifuko miwili tofauti na kila mtu analipa chake. Hapo ndo penye utamu. Wenye uzoefu wanatafuta bidhaa iliyoshushwa bei na duka wiki hiyo, halafu ina kuponi ya duka, halafu ina kuponi ya kiwanda, wanazipandanisha zote kwenye kitu kimoja. Kila duka lina sera yake ya kuponi na wanaiweka kwenye tovuti yao, soma ya duka lako mara moja tu, dakika 10 hazifiki.

Na jirani yangu? Jioni ile tuliimwaga bahasha yake yote juu ya meza yangu tukafungua na simu yake. Kumbe mtoto wake mkubwa alishabonyeza kuponi ya pampasi kwenye aplikesheni ya duka, yaani ameiwasha ikae kwenye akaunti ya namba ya simu ya mama yake, na zile za kwenye simu nyingi ni za kiwanda vile vile, ni mfuko ule ule umevaa nguo nyingine. Kwa hiyo maboksi mawili, nafasi mbili za kiwanda, moja ilichukuliwa na simu alipoandika namba yake pale kaunta, ya pili ikachukuliwa na karatasi ya kwanza, na zile karatasi tatu zilizobaki hazikuwa na pa kukaa. Mashine haikukosea na yeye hakukosea kwa makusudi, ila hakuna aliyemwambia kwamba simu na karatasi vinagombania kiti kimoja.

Kuna maneno mawili ya Kiingereza nayo lazima uyatenganishe maana yanafanana na hayafanani. "Per purchase" na "per transaction". Purchase ni kila kitu kimoja unachonunua. Transaction ni mara moja ya kulipa, tangu keshia anaanza kuskani mpaka risiti inatoka. Kuponi ikisema moja kwa kila purchase, na una dawa za meno nne, unaweza kutumia kuponi nne kwa dawa nne. Ikisema moja kwa kila transaction, ni moja tu hata kama una dawa kumi, labda ugawe vitu vyako ulipe mara mbili, na hilo maduka mengine hawapendi. Halafu kuna "limit 4 like coupons", yaani usizidishe nne za aina moja. Nimeona watu wazima wanabishana na keshia robo saa nzima kwa sababu ya hilo neno moja.

Kodi nayo inafuata mifuko hiyo hiyo, na hapa watu wanadhani wameibiwa. Chukua sabuni ya kufulia ya dola 12.99. Una kuponi ya duka ya dola 2 na ya kiwanda ya dola 3. Unatarajia kodi ihesabiwe kwenye 7.99. Hapana. Kwa Ohio na majimbo mengine mengi, kuponi ya duka inashusha bei halisi, kwa hiyo kodi inahesabiwa kwenye 10.99, lakini ya kiwanda haishushi, kwa sababu duka bado linapokea zile dola 3, zinatoka kwa mtu mwingine tu. Kodi ikiwa 8% utalipa senti 88, jumla 8.87. Vyakula vya kwenda kupika nyumbani Ohio havina kodi ya mauzo, kwa hiyo hii utaiona zaidi kwenye sabuni na vitu vya bafuni.

Lakini kwa nini wanajisumbua hivi, si washushe tu bei? Mimi jibu lilinijia siku nakumbuka Kariakoo. Pale ukiuliza bei ya kitenge unatajiwa bei ya kwanza, mwenye haraka au mwenye hela anatoa analipa anaondoka, mwenye muda anakaa, anapatana, anaondoka kidogo anaitwa, mwisho anapata bei yake. Muuzaji yule yule, kitenge kile kile, bei mbili, na muuzaji hajapoteza mteja hata mmoja. Marekani bei imegandishwa kwenye shelfu, huwezi kumwambia keshia "nipunguzie dada yangu", kwa hiyo kupatana kumehamia kwenye karatasi. Anayekata kuponi ni yule anayekaa kupatana. Asiyekata ni yule mwenye haraka, analipa bei ya kwanza. Kampuni inawapata wote wawili. Na hii sio ya jana, mwishoni mwa karne ya 19 Coca-Cola walikuwa wanagawa tiketi za glasi moja ya bure, wakati glasi inauzwa senti 5, ili watu waonje wazoee, na walizoea kweli.

Hapo kwenye kuzoea ndo naomba msome polepole. Kiwanda hakikupi dola yake kwa huruma, kinakulipa uhamie kwenye bidhaa yake au ubaki nayo. Ndo maana kuponi nyingi ni za vitu vyenye majina, vya kwenye boksi na kopo: siriali, yogati, biskuti, sabuni, dawa ya meno, pampasi, vipodozi. Sasa angalia tunachokula sisi. Mchele, maharage, sukuma wiki, vitunguu, ndizi, mbuzi, dagaa, unga wa ugali. Kuponi ya maharage makavu uliiona lini? Mchicha hauna kiwanda cha kuutangaza, na mbuzi tunamnunua kwenye maduka ya Wasomali na Waafrika wenzetu ambako hakuna kuponi kabisa, na bei yao mara nyingi iko sawa. Kwa hiyo anayeanza kupanga chakula cha nyumba kwa kufuata kuponi atajikuta anabadilisha chakula cha watoto wake bila kujua, asubuhi siriali ya sukari, mchana vitu vya kupasha kwenye maikrowevu, na bado hela imekwenda. Mimi kuponi nazielekeza bafuni na kwenye kufua, na kwa mwenye mtoto mchanga kwenye pampasi, ile hela inayobaki ndo inakwenda kwenye nyama na mboga. Chakula chetu nakitafutia ofa ya wiki, sio kuponi.

Halafu kuna ile bei ndogo ya pembeni, mimi naona ina faida kuliko kuponi zote. Kwenye kibandiko cha shelfu, chini au pembeni ya bei kubwa, kuna bei kwa aunsi, au kwa paundi, au kwa kipande kimoja. Tuseme siriali ya jina kubwa aunsi 12 ni dola 4.99, una kuponi ya dola 1, unalipa 3.99, unajiona umepata. Pembeni yake ya duka lenyewe, aunsi 18 kwa dola 2.49, haina kuponi. Ya kwanza inakuja senti 33 kwa aunsi, ya pili karibu senti 14. Kuponi imekupeleka kulipa zaidi ya mara mbili! Na maduka kama Aldi hayapokei kabisa kuponi za viwanda, unaweka robo dola yako kuchukua troli, unanunua, unarudisha troli unachukua robo yako, na mara nyingi kikapu chao kinakuwa rahisi kuliko cha mtu aliyekata karatasi wiki nzima.

Ila usije ukadhani basi kubwa ndo rahisi siku zote. Sisi tumekulia kwenye duka la Mangi, mafuta ya kupima, sukari robo, tunajua kabisa kwamba kidogo kidogo ndo ghali, kwa hiyo tukifika huku tunakimbilia mfuko mkubwa kuliko wote. Kuponi inaweza kugeuza hiyo hesabu. Sabuni ya vyombo aunsi 14 dola 2.99, na ya aunsi 28 dola 4.99. Bila kuponi kubwa inashinda, senti 18 kwa 21 kwa aunsi. Sasa weka kuponi ya dola 1.50 inayosema saizi yoyote: ndogo inabaki 1.49, ni kama senti 10 na nusu kwa aunsi, kubwa inabaki 3.49, ni senti 12 na nusu. Ndogo imeshinda, na ukiwa na kuponi mbili unachukua ndogo mbili, sabuni ni ile ile aunsi 28 ila umelipa 2.98 badala ya 3.49. Simu yako ina kikokotoo, simama pale gawanya, usione haya.

Kuhusu wakati: kuponi usiitumie siku unayoipata, isipokuwa inakaribia kufa. Isubiri ofa. Maduka yana mzunguko wake, bidhaa ile ile inashushwa bei kila baada ya wiki kadhaa, na kuna vitu vina msimu unaojulikana, vya kuchoma nyama kuelekea Julai 4, madaftari na penseli kabla ya shule kufunguliwa Agosti, unga wa ngano, siagi na sukari za kuokea Novemba na Desemba, na bata mzinga wa Novemba anauzwa bei ambayo duka linaweza hata kupata hasara, ni chambo, wanajua ukimfuata utajaza troli na vingine kwa bei kamili. Chukua chambo, angalia ndoano. Tangazo la "10 kwa dola 10" mara nyingi sio lazima uchukue kumi, moja ni dola moja. Lakini "nunua 5 upunguziwe dola 1 kila kimoja" hapo ni lazima vitano, vinne havikupi kitu, na mara nyingi unaruhusiwa kuchanganya vitu tofauti vilivyomo kwenye ofa. Ukikuta shelfu tupu nenda dawati la huduma kwa wateja uulize kama wanatoa "rain check", ni kikaratasi kinachokuruhusu kurudi kununua kwa bei ile ile ya ofa mzigo ukifika. Sio maduka yote wanatoa ila kuuliza ni bure.

Nije kwenye hela zinazokuja baadaye, maana hizi zinapendwa sana na hesabu yake inapotosha. Maduka ya dawa kama CVS, wenye ile risiti ndefu kama skafu, wanakwambia tumia dola 20 upate dola 5. Mtu anasema ni 25%. Sio kweli, umelipa 20 na utapata vitu vya 25, hiyo ni 20%, na hiyo ni kama utarudi kabla tarehe haijapita na utanunua kitu ulichokuwa unakihitaji. Ukisahau ni sifuri. Pointi za mafuta ya gari za Kroger zenyewe naziheshimu zaidi: kila dola unayotumia ni pointi moja, pointi 100 ni punguzo la senti 10 kwa galoni, mpaka 1,000 ambazo ni dola nzima kwa galoni. Tangi la galoni 15 kwa pointi 1,000 ni dola 15 umeokoa. Kwa hiyo usizitumie tangi likiwa nusu, unakuwa unaitupa nusu yake, subiri likaribie kuisha. Na zina kifo chake, za mwezi huu zinakufa mwisho wa mwezi unaofuata, Januari zinazikwa mwisho wa Februari.

Na ujue unalipia nini hizi pointi. Unapoandika namba ya simu pale kaunta duka linajua unanunua nini, lini na mara ngapi. Kroger wana kampuni yao kabisa ya kuchambua hizo taarifa, inaitwa 84.51°, jina limetokana na longitudo ya Cincinnati. Ndo maana ukianza kununua maziwa ya mtoto, kuponi za pampasi zinakufuata mpaka kwenye sanduku la barua. Mimi nimekubali kulipa hiyo bei, wewe pima mwenyewe, ila usiambiwe ni bure.

Kinachoniuma ni kwamba siku hizi ofa nzuri zaidi zimehamia kwenye simu tu. Unaona bango kubwa la njano kwenye kuku, bei nzuri, unafika kaunta unatozwa bei nyingine, kumbe chini ya bango kumeandikwa lazima uibonyeze kwanza kwenye aplikesheni. Bibi zetu waliokuja kuishi na watoto wao, wasio na simu janja au wasiosoma Kiingereza, hao ndo wanaolipa bei ya juu kwa kitu kile kile, wakati wao ndo wenye hela kidogo. Hilo sio dogo na sio sisi tu tunaoliona, mwaka 2025 jiji la San Diego kule California lilipitisha kanuni kwamba duka la vyakula likitoa punguzo la dijitali litoe na njia ya karatasi kwa asiye na simu. Ohio bado hatuna hiyo. Kwa hiyo kama una mama au bibi hapa, kaa naye Jumapili, fungua akaunti kwa namba yake yeye, mbonyezee zile ofa za vitu anavyonunua, akifika kaunta aandike namba tu. Na akikuta hajabonyeza, aende dawati la huduma kabla hajatoka, maduka mengi wanamrekebishia wakiona bango lao lilikuwepo.

Wanaotumia kadi ya SNAP, msaada wa serikali wa kununulia chakula, ile iliyokuwa inaitwa stempu za chakula mpaka jina likabadilishwa 2008, kuponi ni haki yenu kama mteja mwingine yeyote, duka haliruhusiwi kukutenga kwa sababu ya kadi yako. Kuponi inakatwa kwanza, kinachobaki ndo kinatoka kwenye kadi, kwa hiyo kadi inafika mbali zaidi mwisho wa mwezi. Kuna dada aliwahi kuninong'oneza kwamba anaogopa wataona anataka vya bure juu ya vya bure. Hapana dada yangu, kile kiwanda kimeshatenga hiyo hela, usipoichukua inabaki kwao.

Na zile zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, "kuponi ya dola 100, duka fulani linasherehekea miaka kadhaa, bonyeza hapa tuma kwa watu 20", tafadhali msitume. Rudi kwenye swali letu, nani analipa? Duka gani lina sababu ya kumpa kila mtu duniani dola 100? Wanatafuta namba zako na taarifa zako. Kuna na zile za kuchapisha zinazouzwa mitandaoni, zinaskani vizuri kabisa lakini ni feki, duka linazituma kule Texas na kiwanda kinazikataa. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alifungwa miaka 12 kwa kutengeneza kuponi feki kwenye kompyuta yake, hasara yake ilizidi dola milioni 31. Mtu wa hali ya uhamiaji kama wengi wetu kesi ya udanganyifu hata ndogo ni jambo zito kuliko pampasi zote za Ohio. Kuponi ya kweli unaitoa kwenye gazeti, kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwenye aplikesheni ya duka, au kwenye boksi ulilonunua. Ya kununua kwa mtu, achana nayo.

Mwisho risiti. Chini kabisa wanaandika umeokoa kiasi gani, tuseme dola 31.40, na unatoka unatabasamu. Hiyo namba inapimwa na bei ya kwanza, bei ambayo wewe huenda usingeilipa hata siku moja. Mimi siiangalii. Nina daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa, kila Ijumaa naandika kitu kimoja tu, kilichotoka kwenye akaunti kwenda kwenye vyakula na vitu vya nyumba, na nalinganisha na mwezi uliopita. Kama namba inashuka na friji haijawa tupu, basi. Kama nimeokoa 31.40 halafu namba imepanda, nakagua nini nilinunua kwa sababu tu kilikuwa na kuponi.

Jirani yangu sasa bahasha yake ina mifuko miwili, amegawanya kwa gundi ya karatasi, kulia kiwanda, kushoto duka, na kabla ya kutoka nyumbani anaangalia kwenye simu kipi kimeshabonyezwa ili asibebe karatasi yake. Jumamosi haendi tena. Anaenda Jumanne asubuhi, watoto wakishapanda basi, foleni hamna, keshia wa asubuhi hana haraka, na anatoa karatasi zake moja moja.